Nyonga Haina Dhambi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya wajawazito. Benchi limejaa, wengine wamekaa chini juu ya vikwembe vyao. Mizani imekwama tena. Nimeipiga teke, ikakubali. Nimepima matumbo, nimesikiliza mapigo kwa paipu ya mbao, nimewagombeza wawili wanaokula udongo. Kisha somo.

Leo nimeleta nyonga niliyoifinyanga mwenyewe, ukubwa wa kweli. Wafinyanzi walinicheka nilipowaomba udongo. Waliuliza ni chungu gani hicho kisicho na kitako. Kwa kichwa cha mtoto nimetumia kibuyu. Mwezi uliopita, kwenye mafunzo ya wakunga kule Kasongo, daktari alituonyesha picha za nyonga mbili, ya sokomutu, yaani sokwe, na ya binadamu. Tangu siku ile silali vizuri, kwa furaha. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini ni kazi ngumu hivi.

Nimewafundisha hivi. Zamani sana, zamani ambayo hakuna mzee anayeifikia kwa kuhesabu mababu, walikuwepo viumbe waliotutangulia. Hawakuwa sokomutu, na hawakuwa sisi bado. Walianza kutembea kwa miguu miwili wakati vichwa vyao vingali vidogo. Kusimama wima kukabadilisha mfupa, nyonga ikawa fupi na ikabana. Baadaye sana ndipo kichwa kikaanza kukua. Miguu inataka njia nyembamba, kichwa kinataka njia pana. Ugomvi huo haujaisha hadi leo, na unapiganwa ndani ya mwanamke. Sokomutu ana nafasi, mtoto wake anapita. Mtoto wetu lazima ajigeuze ndani, na mara nyingi anatoka uso ukielekea mgongoni kwa mama. Mama hawezi kumpokea vizuri mwenyewe. Lazima iwepo mikono ya mtu mwingine.

Nikapitisha kibuyu. Kikakwama. Nikakigeuza, kikapita. Vigelegele. Mmoja akauliza kama anaweza kumleta bwana wake aone.

Zawadi alikuwa benchi la mbele. Mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Mfupi, nyonga ya kitoto, mimba ya kwanza. Mimba imeiva na kichwa cha mtoto bado kinaelea juu. Sikupenda nilichokishika. Nimemwambia aende Kasongo akangojee karibu na hospitali kubwa, wanakoweza kumpasua. Huku kwetu upande wa Kabambare santre yetu ya afya haina hata taa ya maana. Amesema atamuuliza mama mkwe wake.

Hapo ndipo penye kazi.

Jumatano, 5 Machi

Somo langu limefika sokoni kabla yangu. "Mama Feza anasema babu zetu ni sokomutu." Muuza mawese ameniuliza kwa heshima kabisa kama ni upande wa baba au upande wa mama. Nimemjibu ni upande wa wauza mawese. Hakunizidishia hata tone.

Sikusema hivyo. Nilisema sisi na sokomutu tuna mzazi mmoja wa zamani mno, kisha kila mmoja akashika njia yake. Lakini nani anataka kubeba sentensi ndefu hivyo kutoka santre hadi sokoni. Wameikata ili iwe nyepesi.

Mchana nimekwenda kwa Mama Amisi, mama mkwe wa Zawadi. Amisi mwenyewe yuko Salamabila anachimba dhahabu, hajaonekana tangu mimba ikiwa changa. Neno la nyumba ile ni la mama. Amenipa kiti, amenipa karanga, ameuliza habari za goti langu. Kisha amekataa. Kwake, mwanamke anayekwenda kuzalia mbali ana kitu anachokificha.

Desturi yao naijua, nimekua nayo. Uchungu ukikawia, basi mwanamke alitoka nje ya ndoa. Ataje jina la mwanamume, mtoto apate njia. Asipotaja, mtoto hatoki. Nimeona wanawake wamekaliwa hivyo, wamezungukwa wakidaiwa jina, hadi macho yanageuka.

Nikamweleza habari ya mfupa. Alisikiliza hadi mwisho. Huyu mama si mjinga, na hilo ndilo linalonikera. Akasema: "Mukwe wangu, ule sokomutu hana bwana. Hana ndoa. Hana mutu wa kukosea. Ndiyo maana anazaa mbiyo. Sisi tuko na haya, tuko na kiapo. Mimba ya mutu inajua. Weye mwenyewe umesema tumeachana na nyama ya pori. Ni hapo tuliachana."

Nilikula karanga zake nikaaga.

Majibu yalinijia yote njiani, bila faida.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Wagonjwa wachache. Bwana Lutumba, tituleri wetu, mkubwa wa santre, ameniomba niifiche ile nyonga kabatini "kwa muda". Anasema watu hawajawa tayari. Nimemuuliza watakuwa tayari lini, na nani atawatayarisha kama imo kabatini. Akajikuna kichwa. Mtu mwema, lakini anaogopa hata kivuli cha shefu, mkuu wa eneo letu.

Nyonga iko mezani kwangu. Itabaki mezani kwangu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani leo mahubiri yalikuwa juu yangu bila jina langu. Watu waligeuza shingo wote pamoja kuniangalia. Nikawaangalia na mimi. Msikitini inaonekana walisema hayo hayo juzi Ijumaa. Kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo.

Mtu hawezi kusema eti simjui Mungu. Nimekuwa chumba kimoja naye mara nyingi kuliko wahubiri wote wa kata hii, mikono imejaa damu, tukingoja mtoto alie.

Baada ya ibada mjumbe wa shefu akanifuata. Niende Jumanne. Kosa: kutukana mababu.

Jumanne, 11 Machi

Nimetoka kwa shefu. Naandika nikiwa bado na hasira, kalamu inakwaruza karatasi.

Walinikalisha kiti kifupi. Shefu akasema nimewafananisha wazee waliotutangulia na nyama ya porini. Nilipe mbuzi na niseme mbele ya watu kwamba nilidanganya.

Nikasema sikumtukana mtu. Nikasema mimi nawaheshimu mababu kuliko wao. Wao wanamkumbuka babu, baba wa babu, labda na mmoja zaidi, kisha wanachoka. Mimi nawakumbuka hadi wale wasiokuwa na jina, wale wa kwanza waliosimama wima, na wanawake wao waliolipia kusimama kule. Hao hakuna aliyewahi kuwamwagia hata pombe. Kama kuna mtu anayewadharau mababu, si mimi.

Nilijisikia vizuri sana kwa muda mfupi.

Kisha Mama Amisi akasimama. Hakuwa na hasira, alizungumza kama mtu anayepanga bei ya kuku. "Mimi sitaki mbuzi. Mama Feza aseme tu ile mafundisho iko bongo, alitudanganya. Akisema vile, siku ya uchungu ya Zawadi nitamuita yeye. Asiposema, sitamuita. Sitaki mikono ya mutu anayetuita nyama."

Shefu akasema hayo ni maneno ya busara. Bwana Lutumba, nyuma yangu, akanong'ona: "Mama, sema tu. Ni maneno."

Si maneno. Nikisema leo kwamba ni uongo, siku Zawadi akikwama watamkalia wakisema: hata mkunga amekubali si mfupa, basi toa jina. Nitakuwa nimewapa fimbo mimi mwenyewe. Na nisiposema, watamkalia bila mimi kuwepo.

Nikasema hapana. Nikasema somo ni la kweli na mbuzi wangu ananyonyesha.

Jumatano, 12 Machi

Leo Mama Amisi amemchukua Zawadi, wamekwenda kwenye kibanda chao cha shamba la mpunga, ng'ambo ya mto. Atazalia huko. Nimeambiwa na wanawake wa kisimani, na hawakunificha kwamba wananilaumu.

Najilaumu na mimi. Kiburi changu kimemvusha mto mtoto wa dada yangu. Nimepiga nyonga ile kofi. Haikuvunjika, nimeichoma vizuri mno.

Lakini bado ningesema hapana. Nimejiuliza mara nyingi leo, na kila mara jibu ni hilo hilo, na silipendi.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna habari. Nimezalisha watoto wawili tangu juzi, mmoja wa mke wa mhubiri. Yeye aliniita. Uchungu ukipanda, mahubiri hukaa pembeni.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Sikwenda kanisani. Nimezungumza na wenye pikipiki wawili wanaokwenda Kasongo, nimewaambia wasiende mbali na simu zao. Nimefunga mfuko: glavu, maji ya mshipa, nyembe. Nimekaa mlangoni na mfuko magotini kama mtu anayesubiri gari.

Jumanne, 18 Machi. Kasongo

Benchi la hospitali. Niandike kabla sijasinzia.

Jana asubuhi mapema Sakina, dada yake Amisi, alifika kwangu mbio, matope hadi magotini. Hakutumwa. Alitoroka. Uchungu ulianza Jumamosi. Mtoto hasogei, wamama wamemzunguka Zawadi wanataka jina.

Nilimpigia kelele Bwana Lutumba aniitie vijana wa kubeba kipoyi, machela yetu ya miti. Nilidhani ataniambia tumuulize shefu kwanza. Aliingia ndani, akatoka bila koti lake jeupe, akashika mti mmoja wa kipoyi mwenyewe. Nikatangulia njia. Sikutaka kumshtua akabadili nia.

Kibandani moshi, wanawake wamekaa duara. Zawadi amechuchumaa, ameshika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. Midomo imepasuka. Nikapenya katikati nikampima. Kichwa kiko juu, hakijashuka hata kidogo, na kimeanza kuvimba. Mapigo ya mtoto yapo lakini yamechoka. Ni kisu tu kingemtoa. Nikasema tunaondoka.

Mama Amisi akasimama mlangoni. "Hatoki bila jina. Akitoka na siri tumboni atakufa njiani. Unataka afie mu njia?" Na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli. Hilo lilinivunja nguvu kuliko kama angenitukana. Alikuwa anamzuia ili kumwokoa.

Wanawake wakaanza tena. "Taja, mwanangu. Taja jina, mutoto apate njia." Kwa upole. Mmoja alikuwa anamfuta jasho.

Hapo nikafanya nililofanya. Niliinama sikioni kwa Zawadi nikamwambia: sema jina lolote. La mtu aliyekufa. La mwizi. La yeyote. Sema tutoke. Mimi, niliyekataa kusema neno moja mbele ya shefu.

Akanitazama. Sauti ilikuwa imekauka. "Mama mudogo, weye ulisema ni mufupa."

Sikuweza kumwangalia.

Kisha akamgeukia mama mkwe wake. Alizungumza katikati ya uchungu, kwa vipande, na hakuna aliyemkatiza. "Mama. Toka Amisi aende Salamabila, nani analala mu mulango yangu? Ni weye. Nikienda mutoni, ni weye nyuma. Nikienda kuni, ni weye. Hujaniacha hata siku moja. Basi sema weye. Taja ule mutu uliyeona."

Mvua ilikuwa inapiga majani ya paa. Wanawake wote wakamwangalia Mama Amisi. Nilimwona akitafuta. Aliipekua ile miezi yote, naamini alitafuta kwa haki kabisa.

"Hakuna," akasema. "Mimi sikuona mutu."

Kisha kwa sauti kubwa, kama anatugombeza sisi: "Hakuna mutu. Munangojea nini? Mubebe mutoto wa watu."

Akavua kikwembe chake cha juu akakitandika kwenye kipoyi.

Tuliporudi mto ulikuwa umepanda juu ya magogo ya daraja. Wanaume waliingia majini hadi kifuani, wakasimama mstari, wakapitisha kipoyi mkono kwa mkono. Wanawake wale wale wa duara walivuka pembeni wakishikana, wakiimba ili Zawadi asilale. Mmoja alibeba mfuko wangu kichwani. Sina hamu ya kufundisha leo, lakini hilo ndilo nililokuwa najaribu kuwaambia Jumatatu ile na kibuyu changu. Hakuna sokomutu anayevushwa mto hivyo.

Barabarani zile pikipiki mbili. Zawadi katikati, dereva mbele, Mama Amisi nyuma amemkumbatia, mwili wake ndio kiti. Mimi kwenye ile nyingine. Matope, kusukuma, kuanguka mara moja, kusukuma tena. Kila tuliposimama nilisikiliza tumbo. Kila mara nilichelewa kuinua sikio kwa kuogopa uso wa Mama Amisi.

Tulifika jua linazama. Wakampasua.

Msichana. Hakulia mwanzoni. Kisha akalia.

Zawadi yu hai. Nililia chooni, wasinione.

Alhamisi, 20 Machi. Kasongo

Zawadi amekunywa uji. Mtoto ananyonya kama ana ugomvi na titi. Kichwa kikubwa, kimevutika upande mmoja, kizuri sana. Kitarudi sawa.

Bwana Lutumba amepiga simu. Huko nyumbani wanasema njia ilifunguka kwa sababu mama mkwe alitoa ushuhuda. Kwa hiyo sasa ushuhuda wa mama mkwe ni dawa. Kisu cha daktari hakimo kwenye habari hiyo, pikipiki hazimo, mimi simo. Nimecheka hadi Zawadi akaniomba ninyamaze, mshono unamuuma akicheka.

Pia shefu bado anangoja mbuzi. Angoje. Nikirudi nitafundisha somo lile lile, kwenye benchi lile lile, na Zawadi atashika kibuyu yeye.

Jumamosi, 22 Machi. Kasongo

Amisi amefika asubuhi kutoka Salamabila, mwekundu kwa vumbi na udongo wa mashimo. Amemshika mtoto kama mtu aliyepewa yai. Alipomuuliza mama yake kama ni kweli kuna jina lilisemwa, mama akamwambia anawe mikono kwanza, kisha akamwambia hakuna, na asiulize tena mpaka afe.

Mchana nilimkuta Mama Amisi nyuma, kule ndugu wa wagonjwa wanakopika. Alikuwa anasonga bugali. Nikakaa kwenye jiwe. Tangu Jumatatu hatujazungumza zaidi ya lete, chukua, shika.

Akaanza bila kuniangalia. Kabla ya kumzaa Amisi alikuwa na mimba nyingine, ya kwanza. Uchungu ukakawia. Wakamkalia. Hakuwa na jina lolote, alikuwa msichana aliyetoka kwa baba yake akaingia kwa bwana wake. Mwishowe akataja jina la jirani, Shabani, mvuvi, kwa sababu ndiye aliyekuwa amepita njiani asubuhi ile na alimwona kupitia mlango. Mtu ambaye hakuwahi hata kumshika mkono.

Walimwita Shabani. Akaja. Mbele ya watu wote akasema ndiyo, ni kweli, ni mimi.

Mtoto akatoka amekufa.

Shabani akafukuzwa. Alikwenda Nyangwe, hakurudi. Bwana wa Mama Amisi akamsamehe. Alimsamehe kila siku, mpaka alipozikwa.

Nilikuwa na hasira. Nilimuuliza, na sikuuliza kwa upole: kama ulijua jina halifungui kitu, kwa nini ulimkalia mtoto wangu?

Aligeuza bugali kwa muda mrefu. "Kama jina haifungue njia," akasema, "basi ile yangu ilikuwa ya nini?"

Nikasema yule mtoto alikuwa na kichwa kikubwa na wewe ulikuwa na nyonga ndogo. Hakuna aliyekosa. Wewe hukukosa, yeye hakukosa. Mfupa.

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka lakini mkono haukuacha kusonga. Kisha akasema kuna jambo moja halijui mpaka leo, na hilo ndilo linalomla. Kwa nini Shabani alisema ndiyo.

Jumatatu, 24 Machi. Kasongo

Tumekwenda Nyangwe asubuhi, mimi na Mama Amisi, na tumerudi. Zawadi alibaki na Amisi.

Shabani alikufa zamani. Tulionyeshwa dada yake mdogo, mwanamke mzee sasa, anakausha samaki karibu na maji, pale mitumbwi inapoegeshwa. Mama Amisi hakukaa. Alisema jina lake, la baba yake, na la kijiji. Yule mwanamke akaacha kugeuza samaki. Kisha akaendelea.

Mama Amisi akasema yote akiwa amesimama juani. Kwamba ilikuwa uongo. Kwamba ndugu yao hakufanya kitu. Kwamba amekuja kulisema hapa kwao, na atalisema tena kule kijijini mbele ya shefu, na watakaocheka wacheke.

"Tulijua," dada akasema.

Alipuliza moto kidogo. Akasema Shabani aliwaeleza mwaka ule ule aliofika. Hakuwa na uchungu na mtu. "Alisema: walikuwa wanamukalia. Nikikataa, watamukalia mpaka akufe. Nikikubali, watamuacha. Basi nilikubali."

Mama Amisi akakaa chini, pale pale kwenye mchanga wenye magamba.



Yule dada alijisogeza kwenye mkeka wake, akampa Mama Amisi nafasi, akampa na kijiti. Wote wawili wakawa wanageuza samaki. Niliwaacha, nikaenda kutafuta pikipiki ya kuturudisha. Zawadi alikuwa anangoja chakula.